Dakika 40 za mwalimu wa Lugoba: Andalio la somo linavyoamua nani ajifunze

MWALIMU wa shule ya msingi anapoingia darasani Lugoba, wilayani Bagamoyo, ana dakika 40 kabla kengele haijalia tena. Iwapo darasa lina wanafunzi 45, idadi inayotakiwa kwa mwalimu mmoja katika shule za msingi nchini, na iwapo atagawa muda huo sawa kwa sawa, kila mtoto atapata sekunde 53. Darasa likiwa na watoto 90, jambo lisilo la ajabu katika shule nyingi za Serikali, kila mmoja atabakiwa na sekunde zisizofika 27.

Hesabu hiyo fupi ndiyo inayoonyesha uzito wa karatasi ambayo wazazi wengi hawajapata kuiona: andalio la somo. Humo ndimo mwalimu anapoamua, kabla ya kushika chaki, nani atazungumza, nani atafanya kazi, nani atasaidiwa na kwa njia gani. Asipoamua yeye, darasa huamua lenyewe, na kwa kawaida huamua kwa faida ya watoto watano au sita wa mstari wa mbele ambao mikono yao iko juu muda wote.

Lugoba iko katika Halmashauri ya Chalinze, mkoani Pwani, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera na Tanga. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaifahamu kwa machimbo yake ya kokoto, ambazo hubebwa na malori usiku na mchana kwenda kujenga majengo ya jiji. Ni eneo la Wakwere, Wazigua na Wadoe, wakulima wa mahindi, mihogo na ufuta, na pia la wafugaji wa Kimasai na Kibarabaig waliohamia miaka ya karibuni. Darasa la eneo kama hilo huwa na mtoto wa mchimba kokoto, wa mkulima, wa mfugaji na wa mfanyabiashara wa kando ya barabara, wote wakitazamana na ubao mmoja.

Mnyororo wa nyaraka nne

Andalio la somo halisimami peke yake. Juu yake upo muhtasari, unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambao unaeleza mwanafunzi wa kila darasa anatakiwa kujua na kuweza nini. Kutokana na muhtasari, mwalimu hutengeneza azimio la kazi, yaani mgawanyo wa kazi ya mwaka mzima kwa miezi na wiki. Kutokana na azimio la kazi, hutengeneza andalio la kila kipindi. Baada ya kufundisha, hujaza shajara ya somo, inayoonyesha mada ilianza lini, ikamalizika lini na nani aliifundisha.

Kila hatua ya mnyororo huo ina swali lake. Muhtasari unauliza taifa linataka mtoto awe nani. Azimio la kazi linauliza kazi hiyo itaingiaje katika siku 194 za masomo. Andalio linauliza jambo dogo zaidi na gumu zaidi: hawa watoto, leo, katika dakika hizi 40, wataondoka na nini?

Azimio la kazi ndilo linalopuuzwa zaidi, ingawa makosa yake hulipwa mwaka mzima. Mwalimu anayelinakili kutoka shule nyingine hupanga kana kwamba wiki zote ni sawa. Sivyo ilivyo Lugoba. Masika, kati ya Machi na Mei, njia za vijijini hujaa matope na mahudhurio hushuka. Vuli ikianza, wapo watoto wanaoitwa shambani. Katika mwezi wa Ramadhani, vipindi vya mchana huwakuta watoto waliofunga wakiwa wamechoka. Mwalimu makini huzipa mada ngumu nafasi katika wiki na saa zenye utulivu, na huacha wiki za akiba kwa ajili ya marudio.

Kuanza na mwisho wa kipindi

Kwa muda mrefu walimu wa Tanzania wamezoea andalio lenye hatua tano: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari na hitimisho. Majina na safu za fomu yamekuwa yakibadilika kadiri mitaala inavyobadilika, lakini mantiki ni ile ile, na ina umri mrefu. Wafuasi wa mwanafalsafa wa Kijerumani Johann Friedrich Herbart, aliyefariki mwaka 1841, ndio walioeneza duniani mtindo wa kugawa somo katika hatua zinazoanzia kwenye kile mtoto anachokijua tayari.

Hatua hizo huandikwa kutoka juu kwenda chini, ila andalio zuri hufikiriwa kutoka chini kwenda juu. Kwanza mwalimu anaamua mwanafunzi aweze kufanya nini mwishoni. Pili, anaamua atajuaje kwamba mtoto ameweza. Tatu ndipo anapochagua kazi na zana za kumfikisha huko.

Hapo ndipo uchaguzi wa neno moja unapokuwa na uzito. Lengo lisemalo "mwanafunzi aelewe sehemu" halipimiki, kwa kuwa hakuna anayeweza kuchungulia ndani ya kichwa cha mtoto. Lengo lisemalo mwanafunzi "alinganishe", "achore", "apime" au "aeleze" linaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Marekani na wenzake walipanga ngazi za malengo hayo, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini, na ngazi hizo zimefundishwa katika vyuo vingi vya ualimu duniani.

Mfano: theluthi na robo

Chukua mfano wa kipindi cha Hisabati cha Darasa la Nne. Mada ni kulinganisha sehemu. Lengo: ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kulinganisha sehemu mbili zenye kiasi 1 na kueleza kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo.

Kabla ya kuandika lolote lingine, mwalimu mzoefu anajiuliza: watoto watakosea wapi? Jibu linajulikana. Wengi watasema robo ni kubwa, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Kosa hilo si uzembe. Mtoto ametumia kanuni iliyomsaidia tangu Darasa la Kwanza, mahali ambapo kanuni hiyo haifanyi kazi tena. Andalio lisilolitarajia kosa hilo litashangazwa nalo dakika ya 35, wakati hakuna muda wa kulitibu.

Zana zinazohitajika ni kalenda kuukuu na mkasi. Mwalimu anakata kanda za karatasi zenye urefu wa sentimita 24 na kuwapa wanafunzi wawili wawili kanda mbili. Darasa la watoto 45 lina jozi 22 na kundi moja la watatu, hivyo kanda 46 zinatosha kwa wote. Urefu wa sentimita 24 haukuchaguliwa kwa bahati: robo yake ni sentimita 6 na theluthi yake ni sentimita 8, namba kamili ambazo mtoto anazisoma kwenye rula yake bila shida.

Utangulizi unachukua dakika 5. Mwalimu anauliza: nanasi moja la Kiwangwa likigawiwa watoto watatu sawa sawa, na jingine lililo sawa nalo likigawiwa watoto wanne, nani atapata kipande kikubwa? Kila mtoto anaandika jibu lake katika daftari kabla ya yeyote kuzungumza. Dakika 12 zinazofuata ni za maarifa mapya: jozi zinapima, zinakunja ukanda mmoja mara tatu na mwingine mara nne, kisha zinaweka kipande juu ya kipande. Dakika 13 ni za kuimarisha, kwa kulinganisha nusu na theluthi, robo na sudusi. Katika dakika 5 za tafakari wanafunzi wanarudi kwenye jibu la nanasi na kuandika kwa nini wamelibadilisha au hawakulibadilisha. Dakika 5 za mwisho ni za swali moja bila karatasi za kukunja: moja ya tano na moja ya sita, ipi kubwa? Chora kuonyesha.

Katika mpango huo hakuna kifaa cha gharama. Kuna, hata hivyo, maamuzi kadhaa ya makusudi. Watoto wanaandika kabla ya kuzungumza, ili mtoto mwenye haya naye awe amefikiri. Wanafanya kazi wawili wawili, ili kila mmoja aguse ukanda. Swali la mwisho ni jipya, ili mwalimu atofautishe aliyefahamu na aliyekariri.

Darasa kubwa si kisingizio

Wapo wanaosema mbinu za namna hii ni za shule zenye watoto 25. Hesabu inasema vingine. Katika maswali na majibu ya darasa zima, dakika 10 huwapa nafasi ya kuzungumza watoto wanane au kumi, wengine wakisikiliza au wakiwaza mengine. Katika kazi ya wawili wawili, dakika 4 zinatosha kumpa kila mtoto dakika mbili za kueleza hoja yake, wawe 45 au 90. Kelele zitaongezeka, lakini ni kelele za kazi.

Ukubwa wa madarasa una historia yake. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977 uliwaingiza watoto wengi shuleni kwa mara moja, na vijana waliomaliza Darasa la Saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini ili kuziba pengo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002 baada ya kufutwa kwa ada, ulileta wimbi la pili. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ilileta la tatu. Kila mara, watoto walifika haraka kuliko walimu na madawati. Mafanikio ya kuwaandikisha watoto yaliuhamishia mwalimu mzigo wa kuhakikisha kwamba aliyeandikishwa anajifunza kweli.

Lugoba yenyewe imeona mabadiliko makubwa zaidi ya hayo. Kabla ya mfumo wa Darasa la Saba, mtoto alisoma miaka minne, akafanya mtihani, na wachache waliofaulu wakaendelea na shule ya kati kuanzia Darasa la Tano hadi la Nane. Rais wa Awamu ya Nne, Jakaya Kikwete, alipita njia hiyo: alisoma Shule ya Msingi Msoga kuanzia mwaka 1958 hadi 1961, kisha shule ya kati ya Lugoba kuanzia 1962 hadi 1965. Mwalimu wa shule ya kati wa siku hizo alipokea watoto waliochujwa. Mwalimu wa leo anapokea watoto wote, na ndivyo inavyopasa kuwa, ila andalio lake linapaswa kuwahesabu wote.

Mpaka wa lugha

Ugumu hubadilika sura mtoto anapovuka kwenda sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Chukua somo la kutenganisha michanganyiko. Mtoto wa Pwani anajua kwamba katika mabwawa ya chumvi ya Bagamoyo na Saadani maji ya bahari huachwa juani, maji yakavukizwa, chumvi ikabaki. Anaweza kuieleza habari hiyo kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akiingia Kidato cha Kwanza, anakutana na jambo lile lile likiwa limevaa majina mapya, na aliyekuwa akijieleza vizuri jana leo anakaa kimya.

Andalio la mwalimu wa sayansi wa kidato hicho linahitaji kuwa na malengo mawili, moja la sayansi na jingine la lugha. La lugha huweza kuwa dogo: maneno matano ya Kiingereza yasiyozidi, na sentensi mbili ambazo kila mwanafunzi atazitamka na kuziandika. Walimu wengi hulazimika kuchanganya lugha darasani, apende mtu asipende. Mchanganyo uliopangwa humvusha mtoto kutoka Kiswahili anachokijua hadi Kiingereza atakachofanyia mtihani. Usiopangwa humwacha katikati ya mto.

Mzigo wa maandishi na jaribu la kunakili

Malalamiko ya walimu kuhusu maandalio yana msingi. Mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki anayetumia nusu saa kwa kila andalio atahitaji saa 15, mbali na kusahihisha madaftari. Wathibiti ubora wa shule, waliochukua nafasi ya wakaguzi wa zamani, wanapofika, nyaraka ndizo zinazokuwa rahisi kukaguliwa. Ndiyo maana andalio hugeuka kuwa kitu cha kumwonyesha mgeni, na maandalio yaliyokwisha andikwa husambazwa kwa simu kutoka mkoa hadi mkoa.

Andalio la kunakili lina kasoro moja isiyotibika: halijui jana kulitokea nini. Nafasi inayolitofautisha andalio hai na mfu ni ile ndogo ya chini kabisa, ya tathmini na maoni. Humo mara nyingi huandikwa "somo limeeleweka", maneno yasiyomsaidia yeyote. Tuseme badala yake mwalimu wa mfano wetu aandike: "31 kati ya 45 wameweza, 14 bado wanalinganisha namba za chini, kesho waanze tena na kukunja karatasi." Sentensi hiyo moja imeshaandika nusu ya andalio la kesho. Akiitunza, mwakani hataanza upya, na nusu saa itapungua kuwa dakika kumi.

Kupanga pamoja

Njia nyingine ya kupunguza mzigo ni kuubeba wengi. Nchini Japani upo utaratibu wa muda mrefu ambapo walimu kadhaa hupanga somo moja kwa pamoja, mmoja wao hulifundisha, wengine hukaa darasani wakiwatazama wanafunzi, kisha hukutana kulirekebisha. Anayechunguzwa ni somo, na hilo humwondolea mwalimu hofu. Kenya, kupitia mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, iliwafunza walimu wa sayansi na hisabati mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Baadaye, kuanzia mwaka 2015, mpango wa Tusome nchini humo uliwapa walimu wa madarasa ya awali miongozo yenye mpango wa kila siku. Njia hizo mbili zinakamilishana: mwalimu mchanga anahitaji mwongozo wa kushika, na mzoefu anahitaji wenzake wa kufikiri nao.

Tanzania nayo ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), unaowataka walimu kukutana shuleni na kujifunza kutokana na kazi yao wenyewe. Mkoa wa Pwani, pia, ni miongoni mwa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora unaofadhiliwa na Uingereza. Mikutano hiyo itakuwa na manufaa iwapo itaweka mezani andalio halisi na madaftari halisi ya watoto, badala ya hotuba.

Haja hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu Januari 2024, mitaala mipya ilipoanza kutumika kwa awamu, ikiwemo katika Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu. Mitaala hiyo inatokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, inayofanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Mtaala sasa unaanza na umahiri, yaani kile mtoto anachoweza kukitenda. Mwalimu aliyezoea kupanga kwa kuhesabu kurasa za kitabu atalazimika kupanga kwa kuwahesabu watoto walioweza.

Kazi ya mwalimu mkuu na ya mzazi

Mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wana uwezo wa kubadilisha mambo bila kusubiri waraka. Wakisaini andalio, waulize maswali mawili tu: watoto watakosea wapi, na utajuaje nani hajaweza? Afisa Elimu Kata akitembelea shule, akae nyuma ya darasa dakika 40 kabla ya kuomba mafaili.

Mzazi naye, awe Lugoba au Mbagala, hahitaji kusoma andalio ili kujua kama lipo. Afungue daftari la mwanawe. Akikuta kurasa zilizonakiliwa ubaoni, zenye mwandiko mzuri na alama za vema tupu, awe na wasiwasi kidogo. Akikuta kosa lililofutwa, likajaribiwa tena, na siku ya pili likapatiwa jibu, ajue yupo mwalimu aliyeketi jana jioni akamfikiria mtoto huyo. Na jioni, badala ya kuuliza "mmesoma nini leo", amwulize mtoto: leo umeweza kufanya nini ambacho jana hukukiweza?